Lugha ya Alama Kazini: Mwongozo Kamili kwa Walioanza Wakakwama

Mwanzo huwa mtamu. Kazini ameajiriwa mwenzetu kiziwi, watu wanachangamka, mmoja anatafuta picha ya herufi za vidole na kuirusha kwenye grupu. Wiki hiyo kila mtu anaandika jina lake hewani na kupiga makofi. Mwezi haujaisha, mmesharudi kwenye vikaratasi, na yule mwenzenu anakula mchana peke yake huku nyie mnacheka meza ya pili.

Mara nyingi si uvivu. Mmeanzia pasipofaa. Herufi za vidole ndizo zenye kazi ndogo kuliko vyote, na mmeruka macho na uso, ambavyo ndivyo vinavyoibeba lugha yenyewe. Mwongozo huu unapanga hatua kwa namna nyingine. Nimewafikiria watu wa karakana za Keko, wauzaji wa Kariakoo, wapishi wa hoteli, wa viwandani Vingunguti na wale wa ofisi za ghorofani Posta.

Jambo moja tu kabla ya kuanza. Lugha ya Alama ya Tanzania, wanayoiita LAT, si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina maneno yake na mpangilio wake. Wala hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima: video ya Kimarekani au ya Kiingereza unayoikuta mtandaoni itakupa alama ambazo mwenzako wa Buguruni huenda hazijui kabisa.

## Vitu vya kuandaa

Mwalimu kiziwi. Hili halina mbadala. Kitabu na video vitakusaidia kukumbuka, ila hakuna kitakachokuambia kwamba kiganja chako kimeangalia upande usio wake. Anzia kuuliza Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Ulizia pia watu walio karibu na Shule ya Viziwi Buguruni, au makanisa yenye ibada za lugha ya alama. Mwenzako wa kazini anaweza kuwa mwalimu wenu akikubali, lakini mlipeni, au angalau saa za kufundisha zihesabiwe kuwa saa za kazi. Kumgeuza mtu mwalimu wa bure wakati wake wa chakula, eti kwa sababu ni kiziwi, si ustaarabu.

Orodha ya maneno ya kazi yenu. Arobaini yanatosha kwa kuanzia. Nitaeleza namna ya kuyachagua.

Simu yenye kamera. Utarekodi alama jinsi mwalimu anavyozitoa. Mwombe ruhusa kwanza, na msiirushe video yake mahali pengine bila yeye kujua.

Kioo. Hata kile kidogo cha ukutani. Utakihitaji sana kwenye hatua ya pili.

Robo saa kila siku. Saa tatu za Jumamosi hazifikii robo saa ya kila siku, kwa sababu mikono husahau haraka.

Baraka za bosi. Akisita, mkumbushe kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha walau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa hiyo huyu hatakuwa wa mwisho kuajiriwa, na kujifunza si sadaka.

Kuhusu maneno ya mdomoni: sema kiziwi, viziwi. Ndivyo chama chao chenyewe kinavyojiita. "Bubu" ni tusi, hata ukilisema kwa upole. Na kila mtu ana jina lake, litumieni hilo.

## Hatua ya 1: Hakikisha anakuona

Kabla hujajifunza alama hata moja, jifunze kusimama.

Unapomwita, punga mkono ndani ya upeo wa macho yake. Kama amekupa mgongo, mguse begani kidogo, mara moja au mbili. Mkiwa meza moja, gonga meza, mtetemo utamfikia. Chumbani, washa na kuzima taa. Usimrushie kitu, usimvute shati, usimshike kidevu ukamgeuza. Na usimguse kwa nyuma akiwa kwenye msumeno, cherehani au sufuria ya mafuta. Zunguka hadi akuone. Akishtuka hapo, kidole kinaweza kwenda.

Angalia mwanga. Ukisimama mbele ya dirisha saa saba mchana kwa jua hili la Dar, yeye anaona kivuli tu, uso wako haupo. Hamia upande ambao mwanga unakumulika wewe. Umeme ukikatika jioni mazungumzo nayo yamekatika, kwa hiyo mtu wa tatu awashe tochi ya simu na kuielekeza kwenye uso na mikono ya anayezungumza, si machoni mwa anayetazama.

Umbali uwe wa hatua mbili hivi, ili aone kuanzia kichwani hadi kiunoni bila kuhangaika.

Halafu macho. Wengi wetu tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na kumkazia mtu macho tunakuona ni jeuri. Hapa mambo yamegeuka. Ukiangalia pembeni wakati mwenzako anatoa alama, umemkata kauli, hata kama ulikuwa unasoma ujumbe kwa sekunde moja. Na umwangalie usoni, usiifukuzie mikono. Mikono utaiona tu kwa chini, macho yako yatazoea.

Kingine kinachowasumbua watu: viziwi wawili wanazungumza katikati ya korido nawe unataka kupita. Pita tu, haraka, na ishara ndogo ya samahani kama unataka. Ukisimama katikati yao kuomba radhi ndipo unapowaziba.

*Utajua umefanikiwa pale* ambapo siku nzima imepita hakuna aliyepiga kelele "wee!" kwa mtu asiyesikia, na yeye hajashtuliwa hata mara moja.

## Hatua ya 2: Ufanyie kazi uso wako

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo wanaume wazima wanapoona aibu. Wanataka kujifunza kwa mikono huku uso umekauka kama wa picha ya kitambulisho.

Kwenye lugha ya alama uso si pambo la hisia. Ni sarufi. Chukua alama mbili, MAJI na KWISHA. Ukizitoa na uso wa kawaida umesema maji yamekwisha. Ukizitoa huku umeinua nyusi, kichwa kimesogea mbele kidogo na alama ya mwisho umeishikilia, umeuliza: maji yamekwisha? Ukitikisa kichwa pamoja na alama, umekanusha. Mikono ileile, habari tatu.

Maswali ya nani, nini, wapi, lini na kwa nini huwa na sura nyingine: nyusi zinakunjwa kushuka chini. Ukikunja nyusi kwenye swali la ndiyo au hapana, mwenzako atasubiri neno la kuuliza ambalo halipo.

Zoezi: simama mbele ya kioo, chagua alama moja tu, itoe kama taarifa, kisha kama swali, kisha kama kanusho. Mwalimu aje aseme ipi ni ipi bila wewe kumwambia. Usiende mbele mpaka apate zote.

Sasa mdomo. Ongea kawaida, au chezesha midomo bila sauti, lakini usiipanue ovyo na usipige kelele. Kelele huharibu umbo la midomo na haziongezi kitu. Toa kijiti cha meno, toa jojo, shusha mkono mdomoni.

Usitegemee kwamba atakusoma midomo. Jaribu hivi na jirani yako, bila sauti: sema *baba*, kisha *mama*, kisha *papa*. Muulize umesema nini. Midomo inafunga na kufungua kwa namna ileile mara zote tatu. Ndivyo Kiswahili kilivyo machoni: mtu anabahatisha kwa kufuata mada, na mada ikibadilika ghafla anapotea. Wapo viziwi wanaosoma midomo vizuri, wapo wasioisoma kabisa. Hiyo isiwe mipango yenu ya kazi.

*Utajua umefanikiwa pale* mwalimu anapojibu swali lako bila kukuuliza kama hilo ni swali.

## Hatua ya 3: Maneno arobaini ya kazi yenu, si ya kitabu

Watu hujifunza SIMBA, TEMBO, rangi zote na siku za juma. Kisha mteja anaingia na hakuna anayejua kusema "mwambie asubiri".

Kaa na daftari siku moja ya kazi na uandike unachosema kweli. Kwa karakana ya seremala Keko orodha itakuwa na mbao, msumari, kupima, kukata, kupiga rangi, kukauka, mteja, oda, malipo ya awali, bado, tayari, haraka, rudia, kesho. Jikoni itakuwa sahani, moto, chumvi, imeungua, meza ya ngapi, imekwisha, osha. Ofisini: saini, kikao, barua, mshahara, likizo, ruhusa, mtandao umekata.

Mpeni nafasi hata mwenzenu kiziwi aongeze yake. Ana mambo anayotaka kuwaambia siku zote na hamjawahi kuelewa. Mara nyingi ni mambo ya kazi: mashine inatoa harufu, fulani anachukua vifaa bila kuuliza.

Pelekeni orodha kwa mwalimu. Alama tano kwa siku, zisizidi. Rekodini kila moja kwa video fupi, muiite jina lake, muweke zote mahali pamoja kila mtu azipate.

Alama za hatari hazisubiri zamu yake: SIMAMA, HATARI, MOTO, UMEME, TOKA NJE. Hizo kila mtu azijue siku ya kwanza, mpaka mlinzi wa getini. Na kwa kuwa king'ora hakimfikii, mkubaliane nani atakayemfuata popote alipo, chooni na stoo ikiwemo, na nani atashika nafasi hiyo yule wa kwanza asipokuwepo. Penye mashine wekeni taa ya hatari inayowaka na kuzima.

Onyo: msibuni alama. Mkikosa alama ya kitu, mwalimu aulizwe. Asipokuwa nayo, yeye ndiye atakayeamua mtumie nini. Hata jina la alama, lile la kumtaja mtu bila kuliandika herufi kwa herufi, viziwi ndio wanaompa mtu. Likitokana na kovu lako au kitambi chako, lipokee tu.

Mtakutana pia na viziwi wawili wenye alama tofauti za neno moja, kutegemea walikosoma. Wote wako sahihi. Kazini fuateni ya mwenzenu wa kazini.

*Utajua umefanikiwa pale* mwalimu anapotaja maneno kumi bila mpangilio nawe unatoa yote bila kufungua simu. Na akitoa yeye kumi, unayatambua. Sehemu ya pili ni ngumu zaidi na watu huiruka.

## Hatua ya 4: Namba, saa na herufi

Namba zije kwanza, kwa sababu ya pesa. Jifunze moja hadi kumi, kisha makumi, mamia na maelfu, ukizitumia kwa bei halisi za dukani kwenu. Bei ikivuka laki moja, toa alama kisha iandike kwenye kikokotoo cha simu muione wote wawili. Hata wanaosikia hufanya hivyo Kariakoo.

Saa ni mtego wetu wenyewe. Simu inaonyesha 8:00 sisi tunasema saa mbili. Mwenzako anaisoma simu. Kubalianeni mapema mnahesabu kwa mtindo gani, na miadi muhimu muonyeshane kwenye kioo cha simu.

Herufi za vidole zina kazi yake: majina ya watu, mitaa, kampuni, au neno ambalo alama yake hujaifahamu. Zitoe kwa mkono mmoja, uliotulia karibu na bega, bila kuurusha mbele kwa kila herufi. Mwendo wa taratibu unaosomeka ni bora kuliko kasi. Usiandike sentensi nzima kwa herufi. Hapo bora karatasi.

## Hatua ya 5: Unga sentensi

Sasa acha Kiswahili mlangoni. Huku hakuna *ni*, *ya*, *cha*, wala viambishi vya *ata-* na *ali-*. Ukijaribu kuvitafutia alama utachoka, na mwenzako atachoka kabla yako.

Mara nyingi wakati hutangulia, kisha jambo au mtu anayezungumziwa, kisha kinachotokea. Tuseme unataka kumwambia kwamba mteja atakuja kesho saa nne kuchukua kabati lake. Toa: KESHO, SAA NNE, MTEJA, KUJA, KABATI, CHUKUA. Ukishaweka KESHO mwanzoni, kila kinachofuata kiko kesho mpaka useme vinginevyo.

Maneno ya kuulizia mara nyingi hukaa mwishoni: KABATI, RANGI, GANI? Nyusi chini, kama ilivyo kwenye hatua ya pili.

Halafu kuna nafasi ya mbele ya kifua chako, na hii ndiyo raha ya lugha hii. Mweke mteja kulia kwako kwa kuonyesha kidole, mweke fundi mkuu kushoto. Kuanzia hapo huhitaji kuwataja tena, unaelekeza kidole tu. Na kitenzi kama KUPA husafiri kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Ukikianzisha kulia kikaishia kushoto, mteja amempa fundi pesa. Ukikigeuza, umesema fundi ndiye aliyerudisha. Ugomvi mwingi wa "mimi sikusema hivyo" huanzia hapo, kwa hiyo rudia sentensi za pesa mara mbili.

Kuonyesha kidole kwa mtu, ambako nyumbani tulikatazwa, hapa ndiyo *mimi, wewe, yeye*. Hakuna aliyetukanwa.

Huwezi kuzungumza huku umebeba mbao. Weka mzigo chini, maliza maneno, nyanyua tena. Yeye pia, usimuulize kitu akiwa ameshika trei mikono miwili halafu ukamlaumu kwa kimya.

*Utajua umefanikiwa pale* unapoweza kumweleza mwenzako tukio dogo la jana, lenye watu wawili na kitu kimoja, naye akamsimulia mwalimu lilelile.

## Hatua ya 6: Acheni kuitikia kwa adabu

Ukiuliza "umeelewa?", jibu utakalopata ni kichwa kuitikia. Wewe ungeitikia pia. Hatupendi kumchosha mtu kwa kumrudisha nyuma, na mtu aliyezoea kuonekana mzigo hapendi zaidi.

Kwa hiyo usiulize hivyo. Uliza kitu chenye jibu: UNAANZA NINI? MBAO NGAPI? MTEJA KUJA LINI? Jibu likiwa sahihi, mmeelewana.

Na wewe usiitikie usichokielewa. Alama ya RUDIA na ya POLEPOLE ziwe kati ya kumi za kwanza unazozijua. Ukipotea, rudia sehemu uliyoipata, yeye atakujazia iliyobaki. Ni rahisi kwake kuliko kuanza upya. Kitu kimoja usikifanye kamwe: kumwambia "achana nayo, nitakuambia baadaye". Wengi wameambiwa hivyo tangu utotoni, na hiyo baadaye haifiki.

Kuandika kunafaa mkikwama, ila andika kwa sentensi fupi. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili waliyoifundishwa darasani bila kuisikia. Aya ndefu ya "kutokana na hali iliyojitokeza" haimfikii, na hilo halipimi akili yake.

## Hatua ya 7: Vikao, grupu na chakula cha mchana

Ujumbe wa sauti kwenye grupu la kazini ndio njia ya haraka ya kumtoa mtu nje. Bosi anatuma dakika tatu, watu wanajibu "sawa bosi", mmoja anabaki anatazama mistari ya sauti. Wekeni sharti: maelekezo yote yaandikwe, au yarekodiwe kwa video ya alama. Ukirekodi video, iegemeze simu, simama mbele ya ukuta usio na mapambo, na hakikisha mikono haitoki kwenye picha.

Kwenye kikao kaeni duara. Azungumze mmoja, anyooshe mkono kabla ya kuanza ili macho yamfuate. Karatasi zikigawiwa, nyamazeni wakati anasoma. Hawezi kusoma na kutazama kwa pamoja.

Na mezani mchana, anayecheka amweleze tumecheka nini. Vibaya vibaya, kwa alama tatu na kidole, inatosha. Hapo ndipo lugha yenu itakapokua kuliko darasani. Mwezi Septemba nao ni mzuri kwa kupata wa kuzungumza nao: tarehe 23 ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, na wiki ya viziwi huwa mwishoni mwa mwezi huo.

## Hatua ya 8: Mwite mkalimani

Hata zikifika mia mbili, alama zako ni za kazi na salamu. Mkataba wa ajira, onyo la nidhamu, mafao, ajali, polisi, hospitali: hapo kaa pembeni, mwite mkalimani wa lugha ya alama. Mtu asisaini kitu kwa tafsiri ya mwenzake anayejifunza, na mwenzake huyo asijipe umuhimu.

Mkalimani huombwa siku kadhaa kabla na hulipwa pamoja na nauli. Mpeni ajenda na majina mapema. Kikao kirefu kinataka wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika ishirini hivi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono. Akae au asimame karibu na anayezungumza, kwenye mwanga.

Ukiongea, mwangalie mwenzako kiziwi, si mkalimani. Usiseme "mwambie kwamba". Sema "nilitaka kukuuliza". Usimwombe mkalimani maoni yake wala kumnong'oneza "hili usitafsiri", maana atalitafsiri, ndiyo kazi yake. Baada ya sentensi mbili tatu subiri kidogo, kwani tafsiri huja nyuma yako, na swali la mwenzako litafika wakati wengine wameshaanza kufunga madaftari. Mwenyekiti awazuie mpaka aulize.